Mvua ya Ndoo

Tangi lilitengenezwa na fundi Kivuva wa Kariobangi,
vioo vinne vya ubavu na kimoja cha sakafu;
gundi ikanuka siki wiki nzima.
Nikaliweka juu ya meza ya cherehani
ambayo mwenye kuishonea hayupo.

Mama Bosibori wa chini alikuja kukopa kitunguu
akaukuta uso wenye ndevu umejibandika kiooni,
mdomo kama kifungo, ngozi ya mawemawe.
"Huyu analiwa?"
Haliwi.
"Anaimba?"
Haimbi.
"Basi kodi analipa?"
Nikamwambia anaitwa pleko, kwao ni mito ya mbali,
na ndevu zile ni za dume: kadiri zinavyochipuka
ndivyo majike wanavyomwamini.
Akaondoka na kitunguu, kicheko kikamshusha ngazi
hadi ghorofa ya pili.

Huku Umoja maji huja Jumanne, yakikumbuka.
Nayalaza ndooni siku mbili, dawa ya bomba iyatoke,
kama mtu anavyolaza hasira kabla ya kusema.
Nikakata kipande cha mwanzi, nikakiziba upande mmoja:
pango.
Miezi mitatu dume akalikalia, mkia nje,
na jike akapita kama asiyeuona mlango.

Ni Harbhajan, mwenye duka Ngara, aliyeniambia:
"Wape masika."
Nje lilikuwa jua la Februari, la kubambua rangi ukutani.
Usiku nikamimina maji baridi, kikombe kwa kikombe,
nusu ndoo, polepole, kutoka juu,
yagonge maji wenzake kama mvua igongavyo bati.
Mkamburi, miaka saba, akaleta mwavuli.

Siku ya nne: mayai.
Rundo la ushanga wa rangi ya chungwa,
na dume juu yake anapepea, anapepea,
mapezi hayana Jumapili,
hagusi hata tango nililomfungia kijiko lizame.
"Mama yao yuko wapi?"
Yule pale, nyuma ya kichungio, anakula.
"Amefukuzwa?"
Hapana. Kazi yake ya huku imekwisha.
Akafikiri. Kisha akauliza
kama Doha kuna kichungio.

Alhamisi usiku stima ikaenda, mtaa mzima.
Pampu ikakata pumzi katikati ya kiputo.
Kimya kile sikuwa nimekisikia tangu Novemba.
Nikachukua kikombe. Nikachota, nikainua, nikamwaga;
nikachota, nikainua, nikamwaga.
Saa sita. Saa nane. Mkono ukawa wa mtu mwingine.
Kwa mwanga wa simu nikamwona pangoni
anapepea vilevile, bila tochi, bila lawama,
na sikujua kati yetu nani anamsaidia nani.
Simu ikaita mkononi. Ni yeye, ametoka zamu.
"Mbona nasikia maji?"
Nikamwambia huku mvua inanyesha.

Walitoka sitini na mmoja,
kila mmoja na kifuko cha kiini tumboni
kama mtoto wa shule na chakula chake cha mchana.
Wakabaki arobaini na watatu.
Wengine sijui walikwenda wapi;
kichungio nimekifungua mara mbili, sikuona kitu.
Waliobaki wanapenda sukuma iliyochovywa maji moto.
Shina huliacha, kama Mkamburi.

Harbhajan atachukua thelathini, shilingi themanini kila mmoja;
pesa ya tokeni itatoka hapo.
Dume hauzwi. Nimemwambia asiulize tena.

Mama Bosibori amepanda leo jioni,
safari hii hana haja ya kitunguu.
Amevuta kigoda, pua karibu na kioo. Anahesabu.
Anafika ishirini na tatu, mmoja anasogea,
anaanza upya.